Kuzalisha mianzi ya mapambo nyumbani: mwongozo kamili kwa bustani za Iringa, Mbeya na Njombe

Kipande cha mwanzi ukikifukia leo, wiki tatu baadaye kinaweza kukuonyesha majani mabichi yanayong'aa, na bado kisiwe na mzizi hata mmoja. Hilo ndilo neno la kwanza ninalomwambia kila anayekuja kwangu Mtwivila, Iringa mjini, kuomba mche wa mwanzi wa njano. Mwanzi huweka akiba ya wanga mwilini mwake. Jicho, yaani chipukizi lililolala kwenye fundo, likipata unyevu linaamka na kuanza kula akiba ile: linatoa ncha, linatoa majani, linapendeza kabisa. Mizizi inakuja nyuma, na kwa baridi yetu huko nyuma ni miezi miwili, mitatu, hata minne.

Nililijua hilo kwa hasara. Msimu wangu wa pili nilikuwa na vipande 12 vilivyochipua vizuri kitaluni. Wiki ya tano nikavihamishia kwenye uzio wa jirani yangu, ambaye alikuwa ameshachimba mashimo na kuweka samadi. Siku ya kumi majani yakaanza kujikunja kama karatasi ya sigara. Nikashika kimoja nikavuta: kilitoka bila ubishi, kama kigingi kilichochomekwa jana, na upande wa chini ulikuwa mweupe, laini, hauna kitu. Vyote 12 vilikufa. Tangu hapo sijahamisha mche kwa kutazama majani, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kuijua mizizi usiyoiona.

Mwanzi upi kwa bustani ipi

Mianzi si migeni kwetu Nyanda za Juu Kusini. Ulanzi, pombe ya mianzi, tunaugema kwenye mwanzi ambao kitaalamu huitwa Oxytenanthera braunii, ingawa wataalamu wengine huuhesabu kuwa Oxytenanthera abyssinica. Matenga ya nyanya yanayopakiwa Ilula yanasukwa kwa mianzi. Ukipanda Mlima Rungwe unakutana na mwanzi wa milimani, Yushania alpina. Lakini mtu anayetaka kupamba uwanja wake hutafuta rangi na umbo, na hapo ndipo wengi hukosea: wanachagua rangi kabla ya kuuliza mwanzi unatembeaje chini ya ardhi.

Mianzi ina tabia mbili. Ipo ya kichaka, ambayo shina lake la chini ni fupi na nene, limejipinda, na kila chipukizi hutoka karibu na mwenzake. Kichaka hunenepa polepole na hukaa pale ulipokiweka. Ipo pia ya kutambaa, ambayo shina la chini ni jembamba na refu, linakwenda mlalo kama kamba, na linaweza kuibukia kwa jirani, chini ya vigae vya kibaraza au katikati ya tuta la mboga. Kwa kiwanja cha mjini, chagua ya kichaka. Ya kutambaa ipande tu kama uko tayari kuizungushia kizuizi au kuiweka kwenye chombo.

Unaopendwa zaidi ni mwanzi wa njano wenye mistari ya kijani, Bambusa vulgaris wa aina ya 'Vittata'. Ni wa kichaka, unapanda kwa vipande bila taabu, na ukikua huweza kufika mita 10 na zaidi. Ndugu yake wa aina ya 'Wamin' ana pingili (sehemu kati ya fundo na fundo) fupi zilizovimba chini kama vitumbo. Huyu ni mfupi na anakaa vizuri hata kwenye pipa. Kwa uzio mzuri usiozidi mita chache, tafuta Bambusa multiplex, wenye mianzi myembamba na majani madogo yaliyosongamana. Huvumilia baridi kuliko ule wa njano. Mwanzi mweusi, Phyllostachys nigra, na Phyllostachys aurea wenye pingili zilizobanana karibu na ardhi, yote miwili ni ya kutambaa.

Kuna kimea kingine kinauzwa madukani kwenye chupa ya maji, kimesokotwa kama nyoka, na muuzaji anakuambia ni mwanzi wa bahati. Huo si mwanzi kabisa. Ni Dracaena sanderiana, na hakuna hata neno moja la mwongozo huu linaloufaa.

Halafu baridi. Iringa mjini tuko kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, Mbeya mjini mita 1,700, Njombe karibu 1,900 na zaidi. Mwanzi wa njano asili yake ni nchi za joto za Asia. Hapa kwetu unakua, ila polepole kuliko Kyela au Kilombero. Ukipanda Makete au sehemu za Njombe zinazopigwa jalidi mwezi wa Juni na Julai, majani yataungua na miche michanga inaweza kufa. Huko weka multiplex, au mpe mwanzi wa njano kona iliyokingwa na ukuta unaopigwa na jua la asubuhi.

Kumchagua mama

Mche unabeba umri na afya ya mama yake. Hili si msemo tu. Mianzi mingi huchanua mara moja baada ya miaka mingi sana, kisha hufa, na kipande ulichokata kwenye kichaka kinachokaribia kuchanua kinaweza kuchanua na kufa pamoja na mama, hata kama umekipanda wilaya nyingine. Kwa hiyo ukiona kichaka kina masuke kama ya mpunga yaliyoning'inia kwenye matawi, usichukue kitu hapo.

Kwenye kichaka kizuri, kazi ni kuujua umri wa kila mwanzi. Mzee mmoja mgema wa Kilolo ndiye aliyenifundisha. Nilimkuta shambani kwake nikamsalimu, "Kamwene, baba," nikamwonyesha mwanzi mnene niliokuwa nimeuchagua. Akaupiga kwa mgongo wa panga, ukalia kwa ukali kama mbao kavu. "Huu ni wa kujengea, mwanangu," akaniambia. "Usiangalie unene. Angalia ngozi."

Ngozi inasema hivi. Mwanzi wa msimu uliopita bado una maganda yaliyoshikilia kwenye mafundo ya chini, rangi yake ni mbichi, una unga mweupe chini ya kila fundo unaofutika kwa kidole, na matawi yake ndiyo kwanza yanafunguka. Wa misimu miwili maganda yameanguka, matawi yamekamilika, ngozi ni safi na ngumu. Wa miaka mitatu kwenda juu una madoa ya kijivu na ukoga, rangi imefifia, na macho mengi yamekwishalala. Kwa kugawa kichaka, chukua wa msimu uliopita. Kwa vipande, chukua wa misimu miwili. Wa miaka mitatu waachie mafundi. Na kwenye mianzi ya ulanzi, uliogemwa usiuguse, maana umekatwa ncha ukiwa mchanga na akiba yake imetoka na ulanzi.

Usiende kuchimba kwenye misitu ya hifadhi wala vyanzo vya maji. Omba kwa mwenye kichaka. Kichaka kikubwa kinafaidika kikipunguzwa, na wengi hutoa bure ukijitolea kusafisha.

Wakati

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Mianzi husukuma machipukizi baada ya mvua kushika, kwa hiyo akiba ya chakula imejaa kabla ya hapo, mwezi wa Septemba na Oktoba. Huo ndio wakati wa kukata vipande vya kitalu, mradi una maji ya kumwagilia mpaka mvua zifike. Kugawa kichaka fanya mwishoni mwa Oktoba hadi mvua za kwanza za Novemba. Ukikata wakati machipukizi yanatoka, Januari au Februari, unamuumiza mama na kipande chenyewe kimeshatumia chakula chake. Mei hadi Julai usihangaike. Jicho linalala kwa baridi na kipande kinaoza kikisubiri.

Njia ya kwanza: kugawa kichaka

Ukitaka mche mmoja au mitano, hii ndiyo njia ya uhakika kuliko zote, maana unachukua mwanzi pamoja na mizizi yake.

Tafuta mwanzi wa msimu uliopita ulio pembeni ya kichaka. Ukate juu, ubaki na mafundo matatu au manne, yaani kimo cha mita moja hivi. Majani mengi juu yatanyonya maji ambayo mizizi iliyokatwa haiwezi kuleta. Kisha fukua udongo kuuzunguka taratibu mpaka uone shina la chini linavyojipinda kwenda kwa mama. Pale linapoungana na mama pamebana, kama shingo. Hapo ndipo pa kukata, kwa pigo moja au mawili ya sululu yenye makali au kwa shoka. Ukikata kwenye sehemu nene umepasua macho ya chini, na hayo ndiyo machipukizi yako ya mwakani.

Ng'oa na bonge la udongo. Funga kwa gunia lililolowa, panda siku hiyohiyo, kwa kina kilekile ilichokuwa nacho. Mimina maji ndani ya pingili iliyokatwa juu, mwanzo tu, ili isikauke. Mvua za Novemba zitafanya kazi iliyobaki.

Ubaya wa njia hii ni uzito wake na jasho. Bonge moja la mwanzi wa njano ni mzigo wa mtu mmoja, na kichaka kidogo hakiwezi kutoa zaidi ya mawili au matatu kwa mwaka bila kudhoofika.

Njia ya pili: vipande vya mafundo mawili

Hapa ndipo mwanzi mmoja unakupa miche kumi. Inafaa kwa mwanzi wa njano, ule wa vitumbo ('Wamin'), na ndugu zao wa kichaka wenye ukuta mnene. Mianzi ya kutambaa ya Phyllostachys haikubali; vipande vyake vya juu ya ardhi huoza tu.

Andaa tuta kwanza, kabla ya kukata. Upana wa mita moja unatosha ili uufikie katikati bila kukanyaga. Changanya madebe matatu ya udongo wa juu, mawili ya mchanga na moja la samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi inachoma na inaita mchwa. Tukuyu na Rungwe kwa ujumla, ambako mvua ni nyingi, inua tuta sentimita 20. Iringa mjini na kuelekea Isimani, ambako jua ni kali, acha tuta liwe sawa na ardhi au chini kidogo ili maji yasikimbie.

Kata mwanzi wa misimu miwili asubuhi na mapema, juu kidogo ya fundo la kwanza au la pili kutoka ardhini. Ondoa theluthi ya juu iliyo nyembamba. Mwili uliobaki uweke kivulini chini ya magunia mabichi. Mwanzi uliolala juani kwa muda wa saa tatu umeshapoteza nusu ya nafasi yake.

Punguza matawi kwa msumeno wenye meno madogo, ubakize kisiki cha sentimita tatu hadi tano kwenye kila fundo. Usitumie panga hapa. Panga linachana ngozi mpaka kwenye jicho. Jicho lenyewe liko pale pale kwenye kitako cha tawi, limevimba kama punje ya mahindi iliyolala, limefunikwa kwa vigamba. Likipasuka, fundo hilo limekufa.

Sasa kata vipande vyenye mafundo mawili kila kimoja, na uache sentimita nane hadi kumi nje ya kila fundo. Mikia hiyo inakauka na kuoza taratibu, na inauchelewesha uozo usifike kwenye fundo.

Kinachofuata ndicho watu wengi huruka, na nawasihi msiruke. Shika kipande utazame macho yake. Utaona fundo moja lina jicho upande wa kushoto, na lililofuata upande wa kulia, kwa kupokezana. Kilaze ili macho yote mawili yawe pembeni, moja huku na jingine kule, na upande wa juu usiwe na jicho. Hapo juu, katikati ya pingili kati ya mafundo mawili, toboa tundu la upana wa kidole kidogo kwa drili au kwa msumari mnene uliotiwa moto. Mimina maji safi mpaka pingili ijae zaidi ya nusu. Ziba kwa kipande cha nailoni na ufunge kwa mpira wa baiskeli uliokatwa utepe. Maji hayo ya ndani ni kibuyu cha safari: kipande kinayanywa wakati hakijapata mizizi ya kunywea ya nje.

Chimba mfereji wa kina cha sentimita 12 hadi 15, laza kipande, tundu likiwa juu na macho pembeni, funika kwa sentimita tano hadi saba za udongo. Kati ya kipande na kipande acha sentimita 20. Bonyeza kwa viganja, usikanyage. Tandaza nyasi kavu juu, mwagilia kwa keni yenye matundu madogo.

Unga wa homoni ya mizizi unauzwa kwenye baadhi ya maduka ya pembejeo, na unasaidia ukipaka kwenye mafundo. Lakini sijawahi kuona homoni ikiokoa kipande cha mwanzi mzee.

Matawi, na njia ya mianzi inayotambaa

Mwanzi wa njano una tawi moja nene kwenye kila fundo, kubwa kuliko wenzake. Kitako chake kimevimba na mara nyingine kina vinundu vidogo vya mizizi vinavyochungulia. Likate kwa msumeno ukilibana karibu kabisa na mwanzi, ukiondoka na kitako chote, ubakize mafundo matatu, uchomeke kwenye kiriba kwa mshazari, kitako kikiwa kimezama. Ni njia nyepesi kwa aliye mbali na mama, kwa sababu matawi 20 yanaingia kwenye mfuko mmoja. Yanakufa zaidi kuliko vipande vya pingili, kwa hiyo panda mara mbili ya unayohitaji. Multiplex ina matawi membamba mno kwa kazi hii. Hiyo igawe kichaka.

Kwa mianzi inayotambaa, fukua mwezi wa Oktoba, kata shina la chini urefu wa sentimita 30 hivi lenye macho na vizizi, na ikiwezekana lenye mwanzi mmoja mwembamba juu yake. Lilaze kwenye chungu kipana, lifunike sentimita tano. Basi.

Miezi ya kitalu

Kivuli cha nusu kinatosha: majani ya mgomba juu ya kichanja, au neti ya kivuli. Udongo uwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, usiwe tope. Septemba na Oktoba maana yake ni kumwagilia asubuhi na jioni. Mvua zikishika, acha. Waliopo Njombe na Mufindi wanaweza kupinda fito za mianzi juu ya tuta na kufunika nailoni, joto la usiku lisishuke sana. Mchana ifunuliwe pembeni, isije ikachemsha.

Adui mkubwa Iringa ni mchwa. Anapenda kipande kilicholala ardhini kuliko kitu chochote. Okota vijiti na mabaki ya mahindi yote kwenye eneo la kitalu, usitandaze nyasi nene kuliko inavyohitajika, na kila wiki ingiza kidole pembeni ya kipande kimoja au viwili. Ukikuta udongo umejengwa juu ya mwanzi, kifukue, kisafishe, mwaga majivu pale chini, kihamishe. Mbuzi naye akipata nafasi atakata majani yote kwa dakika tano. Zungushia miba au fito.

Wiki ya pili hadi ya nne utaona ncha za kwanza. Ndugu na majirani watakuja kusifia. Wapokee, wape chai, lakini usiwape miche.

Kujua kama mizizi ipo

Alama ninayoiamini kuliko zote ni chipukizi la pili. Lile la kwanza linatoka kwenye jicho la kipande, na linaishi kwa akiba. Baada ya wiki kumi au kumi na mbili, pembeni yake, linatoka jingine moja kwa moja ardhini, nene kidogo kuliko la kwanza, na ncha yake imefungwa maganda kama mkuki. Hilo limetoka kwenye shina jipya la chini, na shina la chini halijengwi bila mizizi.

Chipukizi la pili lisipoonekana, fukua kwa kidole upande mmoja wa fundo. Mizizi mizuri ni myeupe au ya rangi ya maziwa ya chai, migumu kidogo, yenye nywele zilizokamata udongo. Ukiona mizizi miwili mitatu mifupi, rudishia udongo, ngoja mwezi. Kilichochipua na kunyauka kikiwa bado tutani usikitupe haraka. Jicho la upande wa pili mara nyingi huamka baadaye.

Mizizi ikitosha, ng'oa kipande kizima kwa koleo, kikate katikati ya pingili kwa msumeno, na sasa una miche miwili. Itie kwenye viriba vikubwa, upana wa sentimita 20, udongo uleule wa kitalu. Irudishe kivulini wiki tatu au nne, kisha uianike kidogo kidogo.

Usiharakishe kupanda yote bustanini. Mche ulio kwenye kiriba ukishatoa vimianzi vinne au zaidi, utoe, osha udongo kwa maji, na uugawe kwa mkasi mkali kwenye mafungu, kila fungu likiwa na vimianzi viwili, kipande cha shina la chini, jicho na mizizi. Kila fungu ni mche. Kwa njia hii miche kumi ya mwaka huu inaweza kuwa 30 mwakani bila kurudi kwa mama. Nilimrudishia jirani yangu uzio wake hivyo: kwa miche mitano tu niliyoigawa misimu miwili.

Kupanda bustanini

Iliyokuwa tayari kabla ya katikati ya Februari ipande mwaka huo huo, ipate mvua za kutosha kabla ya kiangazi. Iliyochelewa ibaki kwenye viriba mpaka Novemba. Kuipanda Aprili ni kuipeleka kwenye baridi na ukame ikiwa haijashika.

Nafasi inategemea ukubwa. Multiplex ya uzio, mita moja hadi moja na nusu kati ya shimo na shimo. Mwanzi wa njano, mita nne au tano, na mita tano kutoka kwenye ukuta, karo la choo na bomba. Tazama juu pia: mwanzi wa mita 12 chini ya nyaya za umeme ni ugomvi wa kila mwaka.

Shimo liwe la sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu uweke kushoto, wa chini kulia. Rudishia wa juu kwanza ukiwa umechanganywa na ndoo moja au mbili za samadi iliyooza. Udongo mwekundu wa mfinyanzi wa Iringa uongezewe mchanga na mboji, la sivyo shimo linakuwa beseni na mizizi inaoza Januari. Chana kiriba, panda kwa kina kilekile, tengeneza kisahani cha kushika maji, tandaza majani. Majani ya mwanzi yenyewe yakianza kuanguka, yaache palepale yalale kwenye shina lake.

Kwa ya kutambaa, zungushia kizuizi cha plastiki nene au zege, kina cha sentimita 60 hadi 70, na kitokeze sentimita tano juu ya udongo ili uone shina la chini linalojaribu kuruka. Bati linaota kutu, na kutu ni mlango.

Miaka mitatu ya kwanza

Kiangazi cha kwanza, Juni hadi Oktoba, mpe kila mche ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Mwanzoni mwa mvua ongeza samadi, na mvua zikishashika, kiganja cha mbolea ya nitrojeni kama CAN au urea, mbali kidogo na shina.

Watu huvunjika moyo mwaka wa kwanza kwa sababu mianzi inayotoka ni myembamba kama kalamu. Mwanzi haunenepi ukishatoka. Unatoka na unene wake, unamaliza kimo chake kwa msimu mmoja, na hapo hapo umekwisha kukua. Unene unakuja kwa kizazi kinachofuata: mwaka wa pili kama kidole gumba, wa tatu zaidi, na kichaka hufikia ukubwa wake baada ya miaka mitano hadi saba. Usikate vile vyembamba kwa hasira, kwani majani yao ndiyo yanayolisha vinene vya mwakani. Na chipukizi linapotoka usilishikeshike. Ncha yake inavunjika kirahisi, na maganda ya mwanzi wa njano yana nywele nyeusi zinazowasha mikono siku nzima.

Kuanzia mwaka wa nne, punguza kila Agosti au Septemba. Toa mianzi ya miaka mitatu kwenda juu, usizidi theluthi ya kichaka, uanzie katikati ili mwanga uingie na usafi uonekane. Watu wengi huku wanaogopa mianzi kwa ajili ya nyoka, na ni kweli kichaka kilichojaa takataka kinawaficha. Kilichopunguzwa unaona mpaka upande wa pili. Kila unapokata, kata juu kidogo tu ya fundo. Ukibakiza pingili wazi inakuwa kikombe, mvua za Novemba zinakijaza, na mbu wanataga humo karibu na dirisha la chumba cha watoto.